Breki za Kuazima

Muna, mwanangu,

Assalaam alaykum. Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye asubuhi ya leo mmekunywa chai meza moja. Nimejaribu kukwambia haya kwa mdomo tangu siku ulipopata ile barua yako ya kazi ya ualimu, na kila nikianza najikuta nakuuliza kama umeshapata koti la baridi. Koti unalo, naliona hapo juu ya sanduku. Mambo ya chakula na nyumba na majirani mama yako ameyamaliza. Mimi nataka kukwambia juu ya gari.

Kesho baada ya alfajiri utalitoa hapa Kibokoni, uvuke Makupa, uandamane na malori mpaka Voi, ukate Mwatate, kisha uanze kupanda kwenda Wundanyi. Barabara ile ya milima nimeipita mara mbili tu maishani, nikipeleka maiti ya watu wa huko waliokuwa wakifanya kazi bandarini. Ukuta wa mawe upande mmoja, bonde upande wa pili, na kona zinazokurudisha ulikotoka. Kupanda hakunitishi. Siku moja utashuka, labda kwenye likizo ya kwanza, una hamu ya kuona nyumbani, mvua imenyesha, na mguu wako wa kulia uko juu ya kanyagio la breki. Tangu Jumatatu nikifumba macho naona hilo tu. Jana mama yako aliniuliza mbona sili. Nikasema samaki ana miba.

Naogopa, Muna. Hujapata kunisikia nikilisema neno hilo. Wewe umekua ukiniona mtu wa mzaha, dereva wa teksi asiyeshtuka, na nilipenda unione hivyo.

Unajua gari hili lilivyosifika. Ulikuwa na miaka mitatu nilipolinunua, limekwisha kutumika Japani, na kila mwaka teksi ni lazima ipelekwe kwenye ukaguzi. Wenzangu walikuwa wakirudishwa. Huyu taa, huyu usukani, huyu moshi. Mimi naingia asubuhi, natoka na karatasi yangu. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikafika watu hapa barazani wananitania, "Athmani, gari lako lina hirizi." Nami najibu, "Halijui kufeli hili." Nikalisema neno hilo mpaka likawa kama jina langu. Wateja walinipigia kwa ajili yake. Watu wenye wagonjwa, watu wenye wazee, wakisema mpigieni Athmani, gari lake ni zima, halijafeli hata siku moja. Bi Zuhura, jirani yetu wa mlango wa pili, hakukubali kupanda gari jingine lolote.

Mwaka wa sita nililipeleka kwa Kombo kabla ya ukaguzi. Kombo unamjua kama ami yako wa gereji ya Ganjoni, lakini mimi namjua tangu tulipokuwa tukisoma chuoni pamoja, na hajawahi kunidanganya juu ya gari. Akaingia chini, akatoka, akakanyaga breki, akakanyaga tena.

"Athmani, hii pampu ya breki imekwisha," akaniambia. "Haisukumi mafuta vizuri. Leo inashika, kesho inaweza kukataa."

"Itapita ukaguzi?"

"Haitapita. Wakiliweka tu kwenye mtambo wa breki, litafeli."

"Gari langu halifeli, Kombo."

"Basi mwaka huu litafeli. Ajabu gani?"

Kombo alikuwa na gari la aina ileile, la mwaka uleule, limesimama pale pale gerejini. Nikalitazama. Naye akaniona nikilitazama.

"Niazime pampu yako," nikasema. "Na magurudumu ya mbele. Siku moja tu."

Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, Muna. Alikuwa akinipa nafasi ya kusema ni utani. Mwisho akasema, "Siku moja. Halafu ununue yako." Nikasema ndiyo, nitanunua.

Wale wakaguzi hawakufanya kosa lolote. Walilipima gari lililokuwa mbele yao, na asubuhi ile breki zake zilikuwa nzima. Walinipa karatasi, mmoja akanipiga begani akasema, "Mzee, hili lako tunalijua." Alasiri Kombo akatoa pampu yake na magurudumu yake, akairudisha ile pampu yangu mbovu. Nikaja nayo nyumbani. Wewe ulikuwa mlangoni, ukaniuliza, "Baba, limepita?" Nikakuonyesha karatasi, ukaruka ruka.

Jambo ambalo mpaka leo nashindwa kulielewa ni hili. Kabla ya siku ile nilikuwa na hofu na zile breki. Nilikuwa naendesha polepole, naacha nafasi, nasikiliza. Nilipopata ile karatasi hofu ikaniondoka. Nilijua vizuri jinsi nilivyoipata, na bado nikaiamini. Nikaiona imebandikwa pale kiooni, nikawa kama wateja wangu, nikasema moyoni gari ni zima. Kombo akanipigia mara ya kwanza, nikamwambia wiki ijayo. Akanipigia tena, nikamwambia niko kazini. Mara ya tatu sikupokea.

Yaliyofuata wewe unayakumbuka, ila umeyakumbuka jinsi nilivyokufundisha kuyakumbuka.

Ilikuwa wakati wa likizo, una miaka tisa. Bi Zuhura alikuwa na wageni kutoka Lamu, akataka samaki wabichi, changu, na hakutaka wa kuletewa. "Nipeleke Liwatoni nikachague kwa mkono wangu," akasema. Ukalia nikuchukue. Bi Zuhura akakaa mbele, kushoto kwangu, na kikapu chake mapajani. Wewe ukakaa nyuma yangu. Tulipofika pale barabara inapoanza kushuka kuelekea majini, ukaiona meli inaingia Kilindini, moja ya zile kubwa zinazoleta magari, iliyokaa kama ghorofa lisilo na madirisha. Ukasema, "Baba, tazama! Tazama meli!"

Mimi sikutazama, Muna. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo wa barua hii. Sikutazama meli. Nilikusikia, lakini mguu wangu ulikuwa umeshakanyaga breki, na kanyagio likazama mpaka chini kama kukanyaga matope. Nikakanyaga tena, chini. Mara ya tatu, chini. Gari likazidi kukimbia. Mbele kulikuwa na wachuuzi wameinama juu ya makarai yao, na wanawake wawili wamekaa juu ya masanduku ya barafu, na nyuma yao ni maji. Nikavuta hendibreki, ikapiga kelele, ikapunguza kidogo. Nikapiga honi. Mwanamke mmoja aligeuza kichwa tu, hakuinuka. Kulikuwa na ukuta wa ghala upande wa kushoto. Nikauzungusha usukani kuelekea ukutani.

Kushoto alikuwa Bi Zuhura. Kulia, nyuma yangu, ulikuwa wewe. Sitakwambia kwamba sikuwa na muda wa kufikiri. Muda ulikuwa mdogo sana lakini ulitosha.

Mguu wa Bi Zuhura ulivunjika mahali pawili. Wewe ulipasuka kidevuni, alama yake unayo. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Wavuvi walitutoa, wakatupeleka hospitali, na mama yako akaja mbio na kanga moja kichwani na moja mkononi. Akanishika bega. "Ilikuwaje? Athmani, ilikuwaje?"

Wewe ulikuwa umekaa kitandani, unashonwa, unanitazama.

Nikasema, "Muna aliniita nitazame meli."

Nilisema mara moja tu. Sikuhitaji kusema tena, watu walinisemea. Majirani walipokuja kutupa pole waliambiana, mtoto alimwita babake, babake akageuka. Walisema kwa huruma. Walikushika kichwa wakasema wewe bado mdogo, hukujua, usirudie tena. Na mimi niko pale, nawajibu amina.

Kombo alikuja siku ya pili akalikagua gari. Hakusema neno mbele za watu. Alifunga pampu mpya kwa mkono wake, akaondoka, na tulikaa karibu mwaka mzima hatuongei. Wewe ukauliza ami Kombo ana nini na sisi. Nikasema ana shughuli nyingi.

Sasa nikuhesabie nilichokuona ukifanya, ujue kwamba nilikiona. Ulipokuwa na miaka kumi tulikwenda Malindi kwenye harusi, na kila gari liliposhuka mteremko ulijiziba mdomo kwa viganja viwili. Binamu zako walidhani unataka kutapika. Ukiwa na miaka kumi na tano nilikusikia ukimwambia mtoto wa shangazi yako, "Usimsemeshe Baba akiendesha," kwa sauti kali ambayo si yako. Na mwaka huu ulipokwenda kujifunza gari, mwalimu wako aliniambia, "Binti yako ana mikono mizuri, lakini haongei kabisa. Nikimsemesha anatoka jasho." Nikacheka. Nikasema ameumbwa hivyo.

Na Bi Zuhura. Alitembea kwa mkongojo miaka yote minne aliyobaki. Kila siku ukitoka shule ulipita kwake kabla hujaja kwetu. Ulimfagilia, ulimsomea, Ramadhani ulimpelekea uji. Watu walisema mtoto huyu ana roho nzuri. Una roho nzuri, ndiyo. Lakini siku moja Bi Zuhura alituma niitwe. Alikuwa kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mto.

"Ndoo ukae kitako, mwanangu," akaniambia. Nikakaa. "Mtoto yuwaja hapa kila siku kuniomba radhi. Kila siku, Athmani. Radhi ya nini?"

Nikautengeneza mto wake.

"Mimi nalikuwa karibu nawe. Naliuona mguu wako ukikanyaga mara tatu. Hukutazama meli wewe. Na usukani naliona umeuzungushia upande wangu."

Nikateremka kitini, nikamshika mguu ule, nikamwambia, "Nisamehe, Bi Zuhura."

"Hilo nimekusamehe zamani. Hata mimi nina wana, ningezungusha vivyo hivyo. Lakini kumtwika mtoto lile, hilo si langu kusamehe. Mwambie."

Nikasema nitamwambia. Alingoja. Kila nikipita alinitazama, nami naamkia shikamoo naondoka. Akafariki bila ya kunisikia nikikwambia, na siku ya maziko wewe ulilia kuliko wanawe wa kuzaa, na mimi nilijua unalilia nini, na nilikuwa nimebeba jeneza lake begani.

Nimejiuliza kwa nini. Mwanzoni niliogopa watu wa barazani, na wateja. Baadaye nikakuogopa wewe. Nilisema akifika miaka kumi na miwili ataelewa, kisha nikasema akimaliza mitihani, kisha akitoka chuo kikuu. Kila mwaka jambo lilizidi kuwa zito, maana niliongeza mwaka mwingine wa kunyamaza juu yake. Ni kama nilivyofanya na pampu ya Kombo. Nilikuwa na wiki ijayo isiyofika.

Gari, baada ya siku ile, nimelitunza kwa haki. Hilo naweza kukuapia. Miaka yote iliyofuata limepita ukaguzi kwa vyombo vyake lenyewe, na nikiipokea karatasi naihisi kama imewaka moto. Watu waliendelea kulisifu, na mimi nikaacha kujibu. Macho yalipoanza kunisumbua nikaacha teksi, likakaa tu hapo nje, tukilitoa kwenda sokoni na hospitali.

Ulipoomba uende nalo Wundanyi, mama yako alifurahi. Mimi nilikwenda kulala chini yake kwa saa nzima na tochi. Kisha nikampigia Kombo, nikamwambia safari hii usiguse kitu. Usikaze hata skrubu moja. Nataka lipelekwe kama lilivyo.

Likafeli. Uliniona nikirudi bila karatasi, ukacheka, "Hata hili limezeeka, Baba!" Hukujua nilichokiona mimi. Alilipima kijana mpole, akaniita pembeni kwa heshima, akasema, "Mzee, samahani, hili sitalipitisha. Bomba la mafuta ya breki la nyuma limeliwa na kutu, na kiungo cha usukani kimelegea. Halifai safari ndefu." Nilikaa kwenye ngazi ya pale, na yule kijana akaniletea maji, akidhani nimeudhika. Nilikuwa nafikiria kwamba mtu nisiyemjua amesema katika dakika moja jambo la kweli juu ya gari langu, na mimi nimeshindwa miaka kumi na minne.

Kombo amebadilisha bomba lote, mbele na nyuma, na viungo vyote viwili. Alhamisi limerudishwa, likapita. Karatasi iko ndani ya kile kijisanduku cha mbele. Lakini usiniige mimi. Karatasi ile inasema gari lilikuwa zima Alhamisi asubuhi. Juu ya kesho haisemi kitu. Ya kesho utayajua kwa mguu wako peke yake. Ukikanyaga ukahisi kanyagio limekuwa laini, hata kidogo, hata kama ni mawazo yako tu, simama. Acha malori yakupigie honi. Acha uchelewe kazini, mwalimu mkuu akasirike. Piga simu nyumbani na useme, Baba, naogopa, na nitakuja na Kombo hata kama ni kwa basi. Sitakuuliza kama una hakika.

Na ongea ndani ya gari, Muna. Ukipata rafiki huko akakaa karibu nawe, ongeeni, imbeni. Mkiona kitu kizuri kisemeni kwa sauti. Hukuua breki zangu kwa sauti yako. Ulikuwa mtoto umeona meli.

Nimeacha kuandika kwa muda, na sasa narudi, maana kuna jambo limetokea.

Mama yako aliingia kuchukua kamba ya kufungia mizigo, akaniona uso wangu. Akauliza naandika nini. Nikampa kurasa hizi. Hakuwa akijua, Muna. Miaka yote hii nimelala naye kitanda kimoja na hakuwa akijua. Alisoma amesimama, kisha akakaa kitandani akasoma mpaka mwisho. Akazikunja, akanirudishia, akatoka. Nikamsikia anateremka ngazi. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amefungua mlango wa gari, amekaa kiti cha mbele upande wa kushoto, mikono mapajani, anatazama mbele. Mtu alipita akamsabahi, hakuitika.

Amerudi sasa hivi. Macho yake ni mekundu. Amesimama mlangoni, akaniuliza, "Ulitaka aisome wapi hii?"

Nikasema nilitaka kuitia kwenye begi lake, aione akifika.

"Afike, akae peke yake kwenye chumba cha watu, baridi, hana mtu, ndipo aisome? Umemwachia peke yake miaka kumi na minne, na hii pia umwachie peke yake?"

Nikavua miwani.

"Utamsomea," akasema. "Leo, baada ya Maghrib, mbele yangu. Akitaka kuchukua gari baada ya hapo atachukua, akitaka basi tutampeleka kwenye basi. Na akitaka kutosema nawe, utavumilia."

Kwa hivyo hii haitatiwa kwenye begi. Adhana haiko mbali. Nitakuita ukae hapa kwenye mkeka, na nitasoma kila neno kama nilivyoliandika, hata yale ninayotamani sasa kuyafuta. Naogopa kuliko nilivyoogopa pale Liwatoni, maana pale nilikuwa na ukuta wa kugongea. Utakuwa umenikabili, nami nitakuwa nimevaa miwani nasoma polepole, na sauti yangu siijui itafika wapi. Ikinikatika katikati, mwanangu, usiniambie basi, Baba, yatosha. Usinisaidie. Ningoje tu mpaka nimalize.

Baba yako,
Athmani